Kupima Kabla ya Kuuza: Adabu ya Kujaribu Nguo Dukani Mjini Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Mteja wa Lubumbashi anayemwambia mwenye duka kwamba anataka kuuza suruali, ila kwanza aipime, hajakosea hata kidogo. Katika Kiswahili cha Katanga, kuuza ni kutoa fedha na kuchukua kitu, yaani kununua. Anayetoa kitu na kupokea fedha, huyo anauzisha. Kupima nako hakuishii kwenye utepe wa fundi, kwani huko neno hili lina maana pia ya kujaribu. Kauli inayoweza kumduwaza msemaji wa Zanzibar au Mombasa ni kauli ya kila siku katika maduka ya nguo ya mji huo, na ndani yake mna utaratibu mzima wa biashara: mtu hutangulia kupima, ndipo akauza.

Makala haya yanaeleza adabu inayomhusu mteja anapojaribu nguo ambayo bado si yake. Kwa mtazamo wa haraka, jambo hili linaweza kuonekana dogo, lisilostahili nafasi katika jarida la taaluma za Kiswahili. Hata hivyo, ni vipengele vichache vya maisha ya mjini vinavyokusanya mambo mengi namna hii mahali padogo kama chumba cha kujaribia nguo. Humo mali ya mtu mmoja huwa juu ya mwili wa mtu mwingine ilhali malipo hayajafanyika. Mgeni huvua nguo nyuma ya pazia la mtu asiyemfahamu. Na wote wawili hutegemea maneno ili wasivunjiane heshima. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba adabu hiyo ni mapatano ya kuaminiana, kwamba mjini Lubumbashi mapatano hayo hufungwa kwa lugha, na kwamba lugha yenyewe imebeba historia. Katika mji huo, haki ya kuingia dukani na haki ya kusemeshwa kwa heshima zilinyimwa pamoja, na zikadaiwa pamoja.

2.0 Mlango wa Duka: Historia Fupi

Lubumbashi, uliojulikana kwa jina la Elisabethville hadi mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Mji wa Wazungu, wenye maduka makubwa, ulitenganishwa na makazi ya Waafrika kwa ukanda mpana ulioachwa bila kujengwa. Katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, mfanyakazi alilipwa sehemu ya ujira wake kwa fedha na sehemu nyingine kwa vitu, vikiwemo posho ya chakula, blanketi na mavazi. Nguo ya kugawiwa haina chumba cha kujaribia. Anayeipokea hachagui rangi wala haulizwi kama inambana. Kwa hiyo uwezo wa kusimama mbele ya nguo, kuigeuza, kuivaa na kisha kuikataa ulikuwa dalili ya hadhi mpya kabla haujawa suala la ununuzi.

Wenye fedha kidogo waliwaendea wafanyabiashara wa Kigiriki, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, Wareno na Waitaliano, ambao kwa miongo mingi walikuwa nguzo ya biashara ya rejareja mjini humo. Maduka yaliyohesabiwa kuwa ya Wazungu yalikuwa habari nyingine. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alipohutubia mjini Léopoldville mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, aliyataja mambo matatu ambayo yanahusu mada hii moja kwa moja. Alitaja ujira usiomwezesha mtu kula, kuvaa wala kukaa kwa staha. Alitaja desturi ya kumsemesha mtu mweusi kwa nafsi ya umoja, tu, ambayo haikuwa ishara ya urafiki, kwa kuwa vous, wingi wa heshima, ulihifadhiwa kwa weupe. Tena alitaja sinema, mikahawa na maduka yaliyoitwa ya Kizungu, ambamo mtu mweusi hakukubaliwa. Haikupita miezi saba akauawa, tarehe 17 Januari 1961, karibu na Elisabethville.

Hali hiyo haikuwa ya Kongo peke yake. Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, wateja Waafrika wa maduka mengi ya Wazungu walihudumiwa kupitia kidirisha kilichotobolewa ukutani. Mteja alinyoosha mkono, akapokea alichopewa, akaondoka bila kukanyaga sakafu ya duka. Katikati ya miaka ya 1950 wanachama wa African National Congress ya nchi hiyo waliendesha migomo ya kutonunua kupinga utaratibu huo. Nchini Marekani, katika maduka mengi ya majimbo ya kusini na hata ya mji wa Baltimore, mteja mweusi aliweza kukubaliwa kununua nguo au kofia lakini akakatazwa kuijaribu, kwa dhana kwamba kitu kilichogusa mwili wake kisingeweza kuuzwa tena kwa mzungu. Mfano huu unadhihirisha kiini cha suala. Fedha za mteja zilipokewa, mwili wake ndio uliokataliwa.

Kinyume cha vidirisha hivyo ni duka ambalo mtu anaruhusiwa kuingia, kutazama na kutoka bila kununua. Wanahistoria wa biashara hulihusisha wazo hilo na maduka makubwa ya Paris, hususan Bon Marché la Aristide Boucicaut, aliyejiunga nalo mwaka 1852. Humo bei ziliandikwa wazi, kuingia kulikuwa huru na bidhaa ziliweza kurudishwa. Mapokeo haya yaliyafikia makoloni yakiwa yamekatwa vipande. Bei na vioo vilifika, lakini uhuru wa kuingia na kutoka ulibaki kwa wachache.

3.0 Kutoka kwa Fundi hadi kwenye Kabine

Baada ya uhuru mlango wa duka ulifunguka, lakini si kila nguo iliyohitajiwa ilipatikana dukani. Chini ya siasa ya Authenticité iliyoendeshwa na Mobutu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, suti na tai zilipigwa marufuku kwa wanaume. Mahali pake palichukuliwa na abacost, koti lisilovaliwa na tai, ambalo jina lake limetokana na kauli ya Kifaransa yenye maana ya kuikataa suti. Wanawake walitakiwa kuvaa vikwembe, yaani vitambaa vya kufunga kiunoni. Suruali na sketi fupi zilikatazwa. Mavazi ya namna hii yalikuwa kazi ya fundi wa cherehani, na kwa fundi mtu hajaribu nguo ya mtu mwingine. Hupimwa yeye kwanza, kisha nguo ikakatwa kwa kumfuata. Katika kipindi hicho hicho hata namna ya kuitana ilibadilishwa kwa amri: monsieur na madame zikaondolewa, citoyen na citoyenne, yaani raia, zikachukua nafasi yake. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, aliruhusu pia suti na tai zirejee.

Maduka yenyewe yalipata misukosuko. Hotuba ya tarehe 30 Novemba 1973 ilianzisha utaifishaji ulioitwa Zairianisation, ambao kwao biashara nyingi za wageni zilikabidhiwa kwa Wazaire. Nyingi kati yake ziliishiwa bidhaa upesi, na kuanzia mwaka 1975 serikali ikaanza kurudi nyuma. Uporaji wa mwaka 1991, uliofika Lubumbashi mwezi Oktoba, uliacha maduka mengi yakiwa matupu. Wakati huo huo Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliporomoka, na familia zilizoishi kwa mishahara yake zikalazimika kutegemea biashara ndogondogo.

Katika mazingira hayo nguo nyingi zilipatikana sokoni: katika masoko ya Kenya na Katuba, na katika soko kuu ambalo leo lina jina la Mzee Laurent-Désiré Kabila. Sehemu kubwa ya nguo hizo ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya na Amerika, zinazoitwa mitumba katika Tanzania na Kenya na salaula nchini Zambia. Neno hilo la pili ni la Kibemba, na linaeleza tendo la kuchagua kwa kupekua rundo. Biashara hii ni ya zamani katika eneo la mpakani. Karen Tranberg Hansen, katika kitabu chake Salaula cha mwaka 2000, anaonyesha kwamba kabla ya uhuru nguo za aina hiyo zilivuka kutoka Kongo ya Wabelgiji kuingia Rhodesia ya Kaskazini.

Leo mteja wa Lubumbashi ana njia tatu mbele yake: fundi, soko, na duka lenye chumba cha kujaribia, ambacho huitwa kwa neno lililotoka katika Kifaransa, kabine. Mtu yule yule anaweza kuzipitia zote tatu katika juma moja, hasa kabla ya Noeli na mwaka mpya, sikukuu iitwayo Bonane, ambapo mzazi hujitahidi kuwavika watoto nguo mpya. Adabu inayotakiwa haifanani katika njia hizo tatu, ingawa msingi wake ni mmoja.

4.0 Lugha ya Kupima

Tangu Edgar Polomé alipochapisha makala yake kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, wataalamu kadhaa, miongoni mwao Walter Schicho, Johannes Fabian na Vincent de Rooij, wameonyesha kwamba lugha hii ina kanuni zake na haifai kuhesabiwa kuwa ni Kiswahili kilichoharibika. Dhana ya kuharibika hujitokeza zaidi penye suala la adabu. Msikilizaji wa pwani asiposikia tafadhali, samahani na naomba, huhitimisha kwamba msemaji hana heshima. Hitimisho hilo ni la haraka. Heshima ipo, ila imewekwa katika sehemu nyingine za sarufi.

Sehemu ya kwanza ni wingi wa heshima. Mtu mzima, mgeni au mkwe husemeshwa kwa mu-, kiambishi cha nafsi ya pili wingi, hata akiwa peke yake. Salamu ya mteja anayeingia dukani ni jambo yenu, si jambo yako, iwapo aliye nyuma ya meza ni mtu wa kuheshimiwa. Hata anapotajwa asipokuwapo, mtu huyo huweza kupewa wingi: anayeuliza kama mama mwenye duka yupo husema mama beko. Kwa msikilizaji wa Kiswahili sanifu, hilo laweza kudhaniwa kosa la upatanisho wa kisarufi, ilhali ni upatanisho wa kijamii.

Sehemu ya pili ni kiambishi tamati -ko, kinachopunguza ukali wa ombi. Kiambishi hiki hufanya kazi hiyo hiyo katika Kibemba, na hakipaswi kuchanganywa na -ko ya mahali iliyomo katika beko. Ngazi zake zinaweza kuonyeshwa kwa kitenzi kimoja. Pima ni amri, inayomfaa rafiki au mdogo. Upimeko ni mwaliko wa upole kwa mtu mmoja. Mupimeko ni mwaliko wa upole wenye wingi wa heshima juu yake. Muuzaji anayemwambia mteja mupimeko amesema kwa neno moja kile ambacho mwenzake wa Dar es Salaam angekisema kwa maneno manne au matano. Vivyo hivyo mteja anayeomba kuonyeshwa shati husema munionesheko, na anayetaka bei iteremke husema mupunguzeko.

Sehemu ya tatu ni majina ya ukoo. Mwanamke aliyefikia umri wa mama wa msemaji huitwa Mama, mwanamume wa makamo huitwa Baba au Papa, na aliyemzidi msemaji kwa miaka michache huitwa Yaya. Majina haya si mapambo ya mazungumzo. Anayemwita muuzaji Mama amejifunga kutenda kama mtoto wake: hawezi kumwachia sakafuni nguo alizozijaribu, na Mama naye hawezi kumfukuza kwa sababu hakununua. Raia, lile neno lililoletwa kwa amri ya serikali, halikuweza kufanya kazi hii, kwa kuwa lilimpa kila mtu cheo kimoja bila kumpa mtu yeyote wajibu kwa mwenzake.

Juu ya yote hayo hupita Kifaransa. Saizi, aina za nguo na mara nyingi hata bei hutajwa kwa Kifaransa ndani ya sentensi za Kiswahili. De Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996 kuhusu uchanganyaji wa lugha hizi mbili, alieleza namna vipashio vya Kifaransa vinavyosaidia kupanga mazungumzo ya Kiswahili cha Shaba. Dukani, mpaka kati ya lugha hizi huweza pia kupanga uhusiano. Kifaransa kitupu humweka mteja mbali, kama mtu wa ofisi, na Kiswahili chenye mu- na -ko humkaribisha bila kumshusha.

5.0 Adabu ya Mteja Hatua kwa Hatua

5.1 Kabla ya kuingia kwenye kabine

Hatua ya kwanza ni salamu, nayo hutangulia swali lolote la bei. Anayeshika nguo kabla ya kusalimu huonekana ameigusa mali kabla ya kumtambua mwenyewe. Baada ya salamu huja ruhusa. Hata pale ambapo pazia la kabine liko wazi, mteja mwenye adabu huomba kupima, na huonyesha idadi ya nguo anazoingia nazo. Katika maduka makubwa ya nchi nyingine kazi hiyo hufanywa na kibao chenye namba. Katika duka dogo hufanywa na macho na maneno. Kuhesabu nguo mbele ya muuzaji hakumfedhehi mteja. Kunamkinga dhidi ya tuhuma endapo nguo moja itakosekana baadaye.

Aidha, mteja hutarajiwa kuufikiria mwili wake kabla ya kuifikiria nguo. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, vumbi jekundu la Lubumbashi hukaa miguuni na shingoni, na wakati wa masika matope ya rangi hiyo hiyo hupanda hadi kwenye pindo. Shati jeupe likijaribiwa na mtu aliyetembea kilomita tatu kwa miguu laweza kupoteza thamani yake kwa sababu ya ukosi peke yake. Kufuta mikono, kuvua viatu na kupangusa rangi ya midomo kabla ya kupitisha nguo kichwani ni mambo madogo yanayomwokolea muuzaji hasara kubwa. Nguo za ndani na za kuogelea hazijaribiwi juu ya mwili mtupu.

5.2 Ndani ya kabine

Mwenye duka dogo huwa na kabine moja, pengine kona iliyozibwa kwa pazia. Kukaa humo muda mrefu ni kuwazuia wengine, na kwa hiyo mteja huingia na nguo chache, huzijaribu, hutoka. Mwenziwe anayemsindikiza hubaki nje ya pazia na kusema kutoka hapo. Kulifungua pazia bila kubisha kwa sauti ni kosa ambalo halipunguzwi na ukaribu wa watu, na hulemea zaidi penye mkwe, ambaye staha mbele yake ni kubwa kuliko mbele ya mtu mwingine yeyote.

Simu ya mkononi imeleta swali jipya. Wapo wanaojipiga picha kwenye kioo ili ndugu aliye mbali atoe maoni, jambo lisilo na ubaya maadamu picha haimwonyeshi mteja mwingine. Kumpiga picha mtu asiyejua, au kuelekeza simu upande wa pazia la jirani, ni kumvua nguo mara ya pili.

5.3 Baada ya kutoka

Hapa ndipo adabu hupimwa kwa ukamilifu, kwa kuwa kuikataa nguo ni kugumu kuliko kuinunua. Nguo isiyofaa hurudishwa mkononi mwa muuzaji ikiwa imegeuzwa upande wake wa nje, na doa au mshono ulioachia husemwa bila kufichwa. Sababu ya kukataa hubebeshwa mwili au mfuko wa mteja, si nguo yenyewe: haikumkaa vizuri, au fedha hazijatosha. Mwenye ustadi wa maneno huahidi kurudia, neno ambalo katika Kiswahili cha Lubumbashi lina maana ya kurudi. Pande zote mbili hujua kwamba pengine harudi, na hakuna anayehesabu huo kuwa uwongo, kwa sababu kazi ya ahadi hiyo ni kuufunga mlango taratibu.

Anayeamua kununua hukabiliwa na upimaji wa pili, ambao safari hii anayepimwa ni yeye. Bei nyingi mjini hutajwa kwa dola za Marekani au kwa faranga za Kongo, na noti ya dola yenye mpasuko mdogo ukingoni hukataliwa. Muuzaji huinua noti kwenye mwanga, huipapasa na huichunguza kingo zake zote. Mteja aliyeigeuza nguo mara nne hana haki ya kuchukizwa na noti yake kugeuzwa mara mbili.

6.0 Wajibu wa Muuzaji

Mapatano hayawezi kuwa ya upande mmoja. Maduka mengi hubandika tangazo la Kifaransa kwamba bidhaa iliyokwisha uzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Tangazo hilo likiwapo, kujaribu nguo huacha kuwa hisani ya mwenye duka na huwa fursa pekee ya mnunuzi kujilinda. Muuzaji anayezuia kupima na papo hapo anakataa kupokea nguo iliyorudishwa amemhamishia mteja hasara yote.

Kutokana na hayo, adabu ya mwenye duka ina masharti yake. Pazia lifunge hadi kingo zote mbili, na lishuke hadi chini. Kioo kiwe ndani, ili mteja asilazimike kutoka nje akiwa nusu amevaa ili ajitazame. Kuwe na mwanga hata umeme unapokatika, jambo la kawaida mjini humo, kwani nguo iliyochaguliwa gizani hugombaniwa mchana. Ulinzi dhidi ya wizi ufanywe kwa kuhesabu nguo mlangoni, wala si kwa kuchungulia. Juu ya yote, kipimo cha uaminifu kiwe kimoja kwa wateja wote. Muuzaji anayemfuata hadi kwenye pazia mteja mwenye kandambili na kumwacha huru mwenye viatu vya ngozi anakirudisha kwa njia ya macho kile kidirisha ambacho wazazi wa wateja hao walikipinga.

7.0 Soko Lisilo na Pazia

Sokoni hakuna kabine, lakini adabu haikosekani. Ufundi wa kupima umebuni njia zake. Suruali hufungwa kifungo, kisha kiuno chake huzungushwa shingoni mwa mteja. Ncha zikikutana kisogoni bila kuvutwa, inakadiriwa kwamba itamtosha kiunoni. Njia hii hutumika katika masoko mengi ya Afrika, na faida yake kubwa ni kwamba haimvui mtu chochote. Shati hupimwa kwa kulilaza juu ya mgongo, mshono wa bega ukifuatana na bega. Sketi na gauni huvaliwa juu ya nguo. Mwanamke anayelazimika kubadilisha huzungushiwa kikwembe na mwenzake, na wapita njia hugeuza macho bila kuambiwa.

Tendo hilo la kugeuza macho linaonyesha kwamba faragha si zao la mbao na pazia tu. Soko huijenga faragha kwa makubaliano ya watu wasiojuana, na duka hununua kitambaa ili kifanye kazi ambayo sokoni hufanywa na adabu. Ndiyo sababu kabine nzuri kabisa, yenye kufuli na kioo kirefu, haiwezi kumfaa mteja ikiwa anayeisimamia hajui kugeuza macho.

Tofauti nyingine iko kwenye rundo. Dukani mteja hufunguliwa nguo moja moja. Sokoni hupekua mwenyewe. Anayepekua hutarajiwa kutozitupa nguo za chini juu ya alizopanga mwingine, na kutonyakua nguo iliyoshikwa na mwenzake. Nguo iliyo mkononi mwa mtu, hata kabla bei haijapatanwa, imeshapata mwenyewe wa muda. Haki hiyo ya muda ndiyo ile ile anayopewa mteja nyuma ya pazia la duka, naye huihifadhi kwa masharti yale yale: aitunze nguo, asiifiche, na airudishe kama alivyoipokea.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba adabu ya kujaribu nguo mjini Lubumbashi inasimama juu ya mambo matatu yanayoshikana: historia ya kunyimwa mlango, uchumi unaomfanya mnunuzi asiwe na nafasi ya pili, na sarufi inayoweza kuupunguza ukali wa ombi kwa kiambishi kimoja. Wingi wa heshima ambao Lumumba aliutaja siku ya uhuru, akiwa mbele ya mfalme, ulikuwa wa Kifaransa. Wa Kiswahili cha Katanga haukuhitaji kuombwa kwa mkoloni, nao hutolewa leo na muuzaji kwa mteja na mteja kwa muuzaji kila pazia linapofunguliwa.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili kuna fundisho la kivitendo. Mazungumzo ya dukani ni somo la lazima katika vitabu vingi vya kufundishia lugha hii, lakini kwa kawaida huishia kwenye kuuliza bei na kuipunguza. Mwanafunzi hufunzwa kununua, hafunzwi kukataa. Hajui namna ya kuirudisha nguo isiyomfaa bila kumuumiza aliyemwamini nayo. Aidha, akienda Lubumbashi na kusikia mteja anataka kuuza, au mama mmoja anasemwa kwa wingi, huenda akasahihisha badala ya kusikiliza. Inafaa somo hilo lipanuliwe kwa kuwekewa lahaja zaidi ya moja na kwa kuingiza kauli za kukataa kwa upole, na mahali pazuri pa kuanzia ni ombi fupi ambalo mteja wa Lubumbashi hulisikia kabla hajatoa hata faranga moja: mupimeko.